Mambo ya kuzingatia kabla mafuta hayajakata

Shida ya mafuta ikitajwa wengi tunakimbilia bei, imepanda, imeshuka, basi. Mi naona swali la kwanza ni siku. Meli zisipoingia kuanzia kesho, mafuta yaliyopo nchini yanatufikisha siku ngapi? Nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati, lililoanzishwa 1974 baada ya waarabu kugoma kuuza mafuta mwaka mmoja kabla, zinatakiwa kuwa na akiba ya siku 90 za mafuta wanayoagiza. Ya kwenu ni ngapi? Ulizeni, na mkijibiwa msiishie hapo.

Maana hizo siku zina ujanja. Kama akiba ni mafuta ghafi na nchi haina kiwanda cha kusafisha, au kipo lakini kimesimama, gari haliwashwi na mafuta ghafi. Kwaiyo tenganisha, petroli siku ngapi, dizeli siku ngapi (dizeli ndo inabeba chakula na kulima mashamba, watu wanaisahau sana), ya ndege je? Alafu yako wapi, yote bandarini au na mikoani? Uingereza Septemba 2000 mafuta yalikuwepo kabisa, ila wakulima na madereva wa malori wakaziba milango ya viwanda na maghala, siku chache tu sheli nyingi zikawa tupu.

Njia nazo ziangaliwe. Dunia inatumia kama mapipa milioni 100 kwa siku na katika hali ya kawaida karibu milioni 20 yanapita mlango wa Hormuz (njia nyembamba ya bahari kati ya Iran na Oman, ya kutokea Ghuba), kwaiyo kama wauzaji wako wote wako nyuma ya mlango huohuo, hata wawe kumi, bado una njia moja tu. Na usijipe moyo kwamba visima vipo vingi duniani, kisima kikizeeka kinatoa kidogo kila mwaka na kipya kinachukua miaka mpaka kianze kutoa, Marekani yenyewe uzalishaji wake ulifika kileleni 1970 ukashuka kwa miongo kadhaa mpaka walipoanza kupasua miamba ya chini ya ardhi kutoa mafuta yaliyonasa ndani yake.

Kuna hili la dola, na hapa naomba watu wasome kwa makini. Sri Lanka 2022 mafuta duniani yalikuwepo, meli zilikuwepo, kilichokosekana ni fedha za kigeni za kulipia. Mwishoni mwa Juni wakasimamisha kuuza kwa magari ya kawaida, kidogo kilichobaki kikaachiwa huduma muhimu tu, baadae wakaja na mgao wa msimbo wa QR (ule mraba unaoskaniwa na simu) kwa kila gari. Yaani akiba ya mafuta bila akiba ya dola ni nusu ya kazi.

Nyumbani ni machache. Tanki lisishuke chini ya nusu, na tafadhali msijaze madumu ya petroli ndani ya nyumba, ule mvuke unalipuka kwa cheche ndogo tu.

La mwisho ni orodha ya nani apewe kwanza, na iandikwe sasa hivi watu wakiwa wametulia sio foleni ikishafika barabarani: ambulensi, pampu za maji, malori ya chakula, hospitali. Ukipita hospitali ya karibu yako waulize jenereta lao lina dizeli ya saa ngapi, na ikiisha wanampigia nani.