Somo: Redio inavyompima Einstein

Juzi Raskazone, maji yakiwa yamekupwa, kijana wa darasa langu aliniuliza uvutano unapimwaje mahali pasipofikika. Nilimjibu kwa haraka mno, na swali lake lilistahili zaidi. Jibu ni kusikiliza mawimbi ya redio ya gesi ya kale. Shikeni kalamu na futi ya fundi cherehani.

Hatua ya 1. Pima sentimita 21. Ndio urefu wa wimbi la redio litolewalo na hidrojeni, masafa ya megahezi 1420. Hendrik van de Hulst alilitabiri mwaka 1944, likanaswa 1951.

Hatua ya 2. Gawa 1420 kwa 10, upate 142. Ulimwengu umetanuka, na wimbi limetanuka nao. Lililotoka ulimwengu ukiwa mdogo mara 10 kuliko leo, una miaka kama milioni 550 tu, linatufikia likiwa na mita 2.1, kimo cha mlango. Sasa gawa kwa 15: 94.7, katikati ya FM! Kila masafa yana enzi yake. Mimi hili sijalizoea hata leo.

Hatua ya 3. Ondoa kelele. Galaksi yetu, kundi la nyota tulimo, inavuma kwa nguvu maelfu ya mara kuliko ishara tunayoitafuta. Bahati nzuri, mvumo huo hubadilika taratibu kutoka masafa hadi masafa, ishara hupanda na kushuka upesi. Hapa ndipo wataalamu wanapokesha.

Hatua ya 4. Tazama madonge ya gesi hiyo ya hidrojeni. Gesi iliyo nyuma ya donge huvutwa na uvutano wa donge kuja upande wetu, ya mbele huvutwa kwenda kule, na masafa yake husogea. Kwenye ramani donge huonekana limebanwa. Kadiri lilivyobanwa ndivyo gesi inavyoanguka kwa kasi. Linganisha na hesabu za Einstein za 1915 kuhusu uvutano. Nadharia kadhaa pinzani zinataka madonge yakue haraka zaidi.

MASWALI

Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Mtambo wa kunasa mawimbi hayo si ujengwe hapa Tanga?
Marahaba. Vituo vyetu vya FM vingeufunika. HERA, darubini ya redio ya kazi hii, ilijengwa Karoo, Afrika Kusini, penye ukimya wa redio: madishi 350, kila moja mita 14.

Pangani: Nyota za kwanza nazo zilipasha gesi joto. Hazivurugi kipimo?
Swali zito, ahsante sana. Zinavuruga ung'avu wa madonge. Lakini joto la nyota halijui sisi tuko upande gani, huenea pande zote sawasawa. Kubanwa hutokea kwenye mstari wa macho yetu tu. Kwa hiyo donge hupimwa mara mbili, kwa kina na kwa upana, na tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kazi ya uvutano.