Somo: Kupumzika, starehe na utulivu kwa Kicheki (kwa mliojifunza kupitia Kiingereza)

Hamjambo wote. Somo hili ni la mnaojiandaa kwenda Jamhuri ya Cheki na mlioko huko tayari. Vyuo vikuu vya umma kule havitozi ada ukisoma kwa Kicheki, hata kama ni mgeni, ndo maana wengi mnakikomalia. Shida ni kwamba vitabu vingi vinafundisha kwa kupitia Kiingereza, alafu mnakwama kwenye maneno ya kila siku, relax, rest, comfortable, cosy, kwa sababu Mwingereza anasema "comfortable" kwa kiti, kwa viatu, kwa mgeni aliyekaribishwa vizuri, hadi kwa mtu mwenye hela zake. Mcheki anatenganisha. Na sisi pia tunatenganisha, kwaiyo anzia kwenye Kiswahili, utafika haraka zaidi.

Hatua ya 1: matamshi

Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, Wacheki wanakaza ya kwanza. Ile alama juu ya á, í, ú sio ya kukaza, ni ya kuvuta tu. Kwaiyo pohodlí, yaani starehe, ni PO-ho-dlii. Herufi j isome kama y yetu, c kama ts, č kama ch yetu, na ch yao ni ile kh ya "kheri" anavyoitamka mtu wa pwani. Klid, yaani utulivu, soma "klit". Inatosha kwa leo, ř tutaihangaikia siku nyingine.

Hatua ya 2: jiulize, ni kitu au ni mtu?

Hapa ndo pa kukaa sana. Kitu kinachokupa starehe ni pohodlný, na mwisho unabadilika kufuata jinsia ya nomino: pohodlný gauč ni kochi zuri la kukalia, pohodlná postel ni kitanda, pohodlné křeslo ni kiti cha mikono. Ila ukijisema mwenyewe "jsem pohodlný", au "jsem pohodlná" kama ni mwanamke, umejiita mvivu, mtu wa kupenda mteremko, asiyetaka kujisumbua. Mwenyeji akikuuliza kama uko sawa, mjibu je mi tu dobře, yaani hapa najisikia vizuri. Hiyo "mi" ni "kwangu", ni kama unasema kwangu mimi hapa pazuri. Ishike hivyo hivyo nzima nzima, usiichambue.

Hatua ya 3: igawe "relax"

Mwili umechoka, unataka kupumzika: odpočívat ukiongelea hali inayoendelea, odpočinout si ukitaka kupumzika kidogo ukamaliza. Musím si odpočinout, lazima nipumzike. Včera jsem odpočíval, jana nilikuwa napumzika, mwanamke anasema odpočívala.

Misuli imekaza, daktari ameshika sindano: uvolněte se, legeza mwili.

Moyo unaenda mbio, una hasira au wasiwasi: uklidni se, tulia, na kwa mtu unayemheshimu uklidněte se. Au neno moja tu, klid.

Alafu kuna relaxovat, hilo ni la mkopo, linatumika kwa mapumziko ya wikendi, sauna, masaji na mambo hayo. Halina ubaya, ila ukilitumia kila mahali Kicheki chako kitakuwa chepesi mno.

Hatua ya 4: pohoda

Hili neno nalipenda kuliko yote. Pohoda ni ile hali ya kila kitu kwenda vizuri, hakuna presha, watu wamekaa wanaongea. V pohodě ndo "poa" yetu kabisa. Jak se máš? V pohodě. Mtu amekukanyaga kwenye tramu akaomba msamaha? V pohodě. Kwa wazee na ofisini tumia dobře, maana v pohodě ni ya kishkaji.

Hatua ya 5: útulný

Mahali padogo, pana joto, taa sio kali, unaingia unajisikia kama umekumbatiwa, Mwingereza anasema cosy, Mcheki anasema útulný. Útulný byt, nyumba. Útulná kavárna, mgahawa wa kahawa. Limetoka kwenye tulit se, kujibana karibu na mtu au kwenye blanketi. Sasa angalia mwanzo wake, ú-tul, alafu angalia "utulivu". Hazina undugu wowote ila masikio yetu yanalikamata mara moja, tumia bahati hiyo.

Hatua ya 6: nafuu na faraja

Presha imeshuka, majibu ya mtihani yametoka umefaulu: ulevilo se mi, nimepata ahueni. Nomino yake ni úleva. "Comfort" ya kumfariji mtu ni útěcha, wala sio pohodlí. Pohodlí ni ya mwili na makalio, útěcha ni ya moyo.

Hatua ya 7: fanya zoezi mlangoni

Wacheki wanavua viatu wakiingia nyumbani, kama kwetu tu. Unapiga hodi, unasalimu dobrý den, unavua viatu. Mwenyeji anaweza kusema nezouvejte se, yaani usivue, mara nyingi ni heshima tu, we vua. Atakupa bačkory au pantofle, ndala za ndani. Atasema posaďte se, kaa, udělejte si pohodlí, jisikie huru. Unajibu děkuji, je to tu útulné. Rudia kwa sauti mpaka ulimi uzoee.

Na mkipata nafasi tembeleeni lázně, miji ya chemchemi za tiba. Karlovy Vary watu wanatembea na vikombe vyenye mrija wanakunywa maji ya moto kutoka ardhini, chemchemi ya Vřídlo inatoka na nyuzi kama 73. Poděbrady nayo ni lázně, na ndani ya ngome yake Chuo Kikuu cha Charles kina kituo cha kufundisha wageni Kicheki.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu shikamoo. Mwenzangu wa chumbani alikuwa anaumwa, nikamwambia odpočívej v pokoji, akashtuka alafu akacheka sana. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Pokoj ni chumba, na pia ni amani. Maneno hayo ndo yanaandikwa makaburini, pumzika kwa amani. Mwambie odpočiň si, pumzika kidogo, inatosha. Na mpe pole yangu.

Swali: Mi niko hosteli, kuna tangazo "noční klid 22–6". Ni klid hii hii?

Jibu: Hii hii kaka. Ni muda wa utulivu wa usiku, saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na ni sheria kabisa, sio ya hosteli peke yake. Spika zima, simu pigia chini chini, wenyewe wanalichukulia serious.

Swali: "At ease" ya jeshini wanasemaje? Naangalia video za gwaride.

Jibu: Pohov! Ndo "mguu pande". Na "mguu sawa" ni pozor, ambayo utaiona pia kwenye mabango maana yake hadhari. Kochi wanaliita pia pohovka, na dej si pohov unamwambia rafiki aliyechoka na kazi, apoe kidogo.

Swali: Dada wa Kicheki ofisini kafiwa na baba. Nimwambie útěcha?

Jibu: Hapana, usilitamke hilo neno. Mshike mkono umwambie upřímnou soustrast. Ndo wanavyopeana pole ya msiba. Ukishasema hivyo usiongeze maneno mengi, kaa naye tu.