Kupanga marejeleo ya makala ya Kiswahili kwa mtindo wa APA

Anza na mwongozo wa waandishi wa jarida lenyewe, kisha fungua makala mbili za toleo lake la karibuni. Majarida mengi yakisema "APA" (mtindo wa American Psychological Association) yana APA yao. Toleo la 7 la mwongozo wa APA, kwa mfano, limeacha kutaja mji wa mchapishaji:

TUKI. (1981). *Kamusi ya Kiswahili sanifu*. Oxford University Press.

Ukikuta makala za jarida lako bado zinaandika "Dar es Salaam: Oxford University Press", fuata walivyochapa. Ila usiigeuze TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) kuwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) kwa kuwa taasisi ilibadilika mwaka 2009. Linaandikwa jina lililo kwenye kitabu chenyewe. Ndilo msomaji atakalolitafuta maktabani.

Kwa makala ya jarida, italiki ni ya jina la jarida na namba ya juzuu tu. Namba ya toleo hukaa kwenye mabano, imegusana na juzuu: *12*(2), 45–60. DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, huandikwa kama anwani kamili, kuanzia https://doi.org/, bila nukta mwishoni. Mstari wa pili wa kila rejeo uingie ndani sentimita 1.27: chagua orodha yote, bonyeza Ctrl+T kwenye Word. Ukisogeza kwa nafasi, kila kitu kitavurugika mhariri akibadili fonti.

Waandishi wakiwa watatu au zaidi, kwenye matini taja wa kwanza na uandike "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Kwenye orodha wataje wote hadi 20.

Majina ndiyo yanayozishinda programu za kupanga marejeleo, kama Zotero. Zotero huchukulia neno la mwisho kuwa ukoo, hivyo Ngũgĩ wa Thiong'o anaishia kwenye T badala ya N. Geuza sehemu ya mwandishi iwe ya kisanduku kimoja, uandike jina zima.

Programu hizo pia humwaga Kiingereza ndani ya makala ya Kiswahili: "and", "et al.", "p.", "Ed.". Usisahihishe kimoja kimoja mapema, maana zikijisasisha tu yanarudi. Subiri kazi iishe, tengeneza nakala, ondoa viungo vya Zotero kwenye nakala hiyo, ndipo utafute na kubadilisha: "na", "na wenzake", "uk." (kur. kwa kurasa nyingi), "mh.". Weka alama ya neno zima. Bila hivyo "andika" itageuka "naika" na "kanda" itakuwa "knaa". Alama ya & ibadilishe kwa macho, usije ukaharibu Taylor & Francis.

Mwisho, tafuta "19" kisha "20" kwenye matini, na kila mwaka unaoukuta uutie tiki kwenye orodha. Ukikuta (TUKI, 2004, uk. 210) huku orodha ina 1981 pekee, usibadili mwaka kwa kubahatisha. Kurasa za matoleo hayo mawili hazilingani, kwa hiyo rudi kwenye nakala uliyonukuu.