Kidole kifanye kazi kwenye skrini kubwa bila waya

Darasani kwangu Ngamiani, Tanga, narusha picha ya laptopu ya Windows kwenye skrini kubwa ya kugusa kwa Miracast, njia ya kurusha picha bila waya. Picha ikifika lakini mguso haufanyi kazi, usikimbilie fundi. Kwenye laptopu bonyeza vitufe vya Windows na K pamoja, unganisha, kisha weka tiki panaporuhusu mausi, kibodi, mguso na kalamu. Pasipokuwa na tiki, huenda skrini hairudishi mguso, maana Miracast haiilazimishi kufanya hivyo. Hapo chomeka waya wa USB toka skrini hadi laptopu: picha ipite hewani, mguso wayani.

Ukigusa skrini kubwa kikaitika kioo cha laptopu, ingia Control Panel, Tablet PC Settings, Setup. Gusa skrini sahihi maandishi yakitokea. Yakitokea kwingine, bonyeza Enter yahame.