Namna ya kumpima mheshimiwa kwa kura zake za vita

Uchaguzi ukikaribia, pale kwenye kahawa Mwembe Tayari, Mombasa, hukosi kusikia mtu anamsifu mheshimiwa fulani ati ni mtu wa amani. Sawa bana, lakini siku ya kura alisema ndio ama la? Hapo vikombe vinawekwa chini, watu wanatazamana.

Kwanza shika tarehe, achana na maneno ya leo, manake vita ikishaharibika kila mtu alikuwa anaipinga. Tazama Marekani, Oktoba 2002 Seneti ilipitisha vita ya Iraq 77 kwa 23, na ndani ya hao 77 yumo Hillary Clinton, yumo Kerry, yumo Biden, wote watatu wakaja kugombea urais na ile kura ikawaandama. Obama hakuwa Seneti ya taifa wakati huo, alihutubia tu Chicago kuipinga, na hotuba si kura, ila angalau ina tarehe. Mimi namuheshimu zaidi Barbara Lee, mbunge wa California, Septemba 2001 Baraza la Wawakilishi lilipompa rais ruhusa ya kutumia jeshi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kura zilikuwa 420 kwa 1, huyo mmoja aliyekataa ndiye yeye.

Kwetu Kenya sasa ndio kazi. Katiba kifungu cha 240 yasema kupeleka majeshi nje lazima Bunge iidhinishe, lakini mara nyingi spika anauliza tu wanaokubali, wanaokataa, watu wanapiga kelele imeisha, na kelele haina jina. KDF, yaani jeshi letu, waliingia Somalia Oktoba 2011, jirani yangu Likoni mwanawe alikuwemo, yule mama alikuwa analala na simu mkononi, na mpaka leo hajui mbunge wake aliitika nini.

Kwa hivyo ingia tovuti ya Bunge ufungue Hansadi, yaani kumbukumbu ya yale wabunge waliyosema, ni bure, tafuta ile siku halafu tafuta jina lake. Alisimama? Aliuliza wanaenda kwa sheria gani, watarudi lini, pesa ni za nani? Ama hata jina halipo? Mfano Haiti, Bunge ilipitisha polisi wetu waende huko Novemba 2023, Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema si halali, basi aliyeuliza mambo ya sheria mapema huyo alikuwa ameisoma, aliyesifia tu serikali utamuona pia. Na usimuhukumu kwa chama, soma mdomo wake mwenyewe.

Akija mkutanoni kuomba kura mtajie tarehe, umuulize alisema nini siku hiyo. Akianza habari za barabara na maji mrudishe palepale kwenye tarehe.