Kupima imani ya wananchi kwa viongozi bila kudanganywa na majibu ya heshima (kwa wanaofanya kazi Mtwara na Lindi)

Anza na vibali, mkoa, wilaya, kata mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, hiyo mnaijua. Ila mwenyekiti akishakupokea aishie hapo, asikusindikize nyumba kwa nyumba, maana nani atasema hamwamini mwenyekiti na yeye kakaa benchi hilohilo?

Pili sampo, yaani watu utakaowahoji. Watu 400 waliopatikana kwa bahati nasibu wanakupa makosa ya kama asilimia 5 juu au chini, 1,200 kama 3, na ukiwachota kwenye vijiji vichache tu yanaongezeka. Afrobarometer (mtandao wa utafiti unaopima maoni ya watu Afrika) wamezoea kuhoji 2,400 Tanzania nzima, kwa hiyo usichukue namba yao ya nchi ukasema wilaya ya Tandahimba ndo wanasema hivyo, watu wa wilaya yako humo ndani ni wachache mno.

Tatu maswali, na hapa ndo pa kukaa. Ukiuliza "una imani na serikali?" umeshaharibu, serikali ipi? Tenganisha: rais, mbunge, diwani, polisi, mahakama, halmashauri, na huku kwetu usiache chama cha msingi (ushirika wa wakulima) kwa sababu korosho na malipo yake yanapitia humo. Majibu yawe manne: siamini kabisa, kidogo, kiasi, sana. "Sijui" na "kakataa kujibu" usiwasomee lakini zipe namba zake za kuingizia majibu, kila moja na yake. Halafu imani iulizwe kabla ya korosho, ukianza na malipo yaliyochelewa watu wanapandwa hasira ndo unawauliza kuhusu chama, hapo umepima hasira. Kimakonde cha maswali mkubaliane kwenye mafunzo, kila mhoji asijitafsirie njiani.

Sasa unakuta bibi anabangua korosho zake anakujibu "serikali si ndo mzazi wetu mwanangu". Hiyo siyo "sana" jamani! Msomee tena yote manne taratibu, achague mwenyewe.

Swali la mwisho kabisa: unadhani nani katutuma? Afrobarometer wanaliuliza na mimi siliachi. Kwenye Excel wagawe, waliosema serikali huku, wengine kule. Mfano tu, huku asilimia 80 wanamwamini sana mbunge na kule 55, basi sehemu ya hiyo 80 inaweza ikawa woga (angalia kwanza kama makundi yanafanana umri na elimu). Kwenye ripoti weka namba zote mbili, na "sijui" zako zionekane, usizifute ili asilimia zipendeze.