Unakwenda kusoma Ujerumani? Anza na jina kwenye boksi la barua

Wadogo zangu mnaoondoka mwaka huu, najua saa hizi kichwa kimejaa viza, tiketi na makoti ya baridi, ila nisikilizeni hili kwanza. Siku unayopewa funguo za chumba, kabla hata hujafungua begi, andika jina lako kwenye karatasi ulibandike kwenye boksi la barua pale mlangoni. Liwe jina la ukoo, lile lile la kwenye pasipoti, sio lile mnaloitana nyumbani.

Mimi hakuna aliyeniambia. Sisi tumekua na Sanduku la Posta, barua unaifuata mwenyewe, na siku hizi kila kitu kinakuja kwa meseji. Kule postamani anakuja mpaka mlangoni anasoma majina, lako asipoliona barua inarudi ilikotoka basi. Kadi ya benki ikaja na barua yake, namba ya siri na barua yake nyingine, zote zikarudi, nikakaa karibu wiki 5 hela yangu ipo na siwezi kuigusa, nakula kwa kukopa kwa dada mmoja Mkenya wa chumba cha jirani, Mungu ambariki sana.

Jina likishakaa, kinachofuata ni Anmeldung, yaani kujiandikisha pale unapoishi, na sheria inakupa wiki 2 tangu uhamie. Ichukulie kama ile barua ya serikali ya mtaa, bila hiyo kila dirisha utakalokwenda watakurudisha. Mkataba wa kupanga hautoshi, wanataka fomu ambayo mwenye nyumba amesaini kwamba kweli umehamia, inaitwa Wohnungsgeberbestätigung, jina refu lakini ni karatasi moja tu, mwombe siku hiyo hiyo ya funguo maana akishaondoka kumpata ni kazi. Miadi unachukua mtandaoni, na kwenye miji mikubwa kama Berlin kupata nafasi ndani ya hizo wiki 2 ni shida, kwahiyo chukua tarehe yoyote uliyoiona, hifadhi uthibitisho wake, alafu kila asubuhi uwe unachungulia tena, kuna watu wanafuta miadi zao na nafasi zinafunguka.

Ndio maana ukitafuta chumba swali la kwanza kabla ya bei liwe: hapa ntaweza kujiandikisha? Akisema hapana achana nacho hata kiwe kizuri namna gani. Na yule anayekwambia yuko nje ya nchi kwahiyo tuma dhamana kwanza funguo zitakuja kwa posta, huyo ni tapeli, usimtumie hata senti. Mabweni ya Studierendenwerk, shirika linalohudumia wanafunzi wa vyuo, ndio nafuu ila foleni yake ndefu, omba siku ile ile ukipata barua ya chuo, usisubiri viza.

Sasa hela. Ile akaunti maalum ya viza, Sperrkonto, ambayo kwa sasa unaweka euro 11,904 za mwaka, haikupi zote, inakutolea euro 992 kila mwezi, na kwa kawaida haianzi kutoa mpaka umefika na umefungua akaunti ya kawaida. Kwahiyo beba hela ya kula na kodi ya mwezi wa kwanza, ukiweza hata wa pili, nawaomba sana hapa wazazi waelezwe mapema. Dhamana ya chumba inaweza kufika kodi ya miezi 3, lakini sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu 3, wenye nyumba wengi hawatakwambia hilo, lidai kwa heshima.

Bima ya afya usicheze nayo. Chuo hakikusajili bila uthibitisho wake, na bima ya safari uliyoombea viza haitoshi. Kama hujafika miaka 30 ingia ile ya umma kwa bei ya wanafunzi, ukivutwa na ya binafsi kwa sababu ni rahisi, ukaomba kuondolewa kwenye ya umma, huwezi kurudi mpaka umalize masomo, na nimeona mtu akilia kwa hilo.

Viza yako nayo ina tarehe ya mwisho, iangalie leo. Ukiomba kibali cha kuishi kabla haijaisha unaruhusiwa kubaki ukisubiri jibu hata wakichelewa, ila ikishaisha ndio umeomba, hapo umejitafutia balaa.

Na fungua kila barua hata kama Kijerumani hukielewi, piga picha simu itafsiri. Itakuja ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi hata kama huna tivii, wengi wetu wanadhani utapeli wanaitupa na deni linakua kimya kimya. Inalipwa kwa nyumba sio kwa kichwa, mkiishi 3 mnagawana. Itakuja pia namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11, itunze, mwajiri ataitaka. Kazi mnaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, na za usaidizi pale chuoni hazihesabiwi humo.

Baridi mtaizoea, giza ndio gumu. Desemba Berlin jua linatoka saa 2 na kitu asubuhi na kabla ya saa 10 jioni limeshazama, kwahiyo toka nje mchana hata dakika 20, mwili unahitaji. Madirisha usiyafunge wiki nzima kwa kuogopa baridi, fungua wazi dakika 5 asubuhi na jioni, la sivyo ukuta unaota ukungu na dhamana yako inakatwa.

Unga wa ugali, mihogo na ndizi za kupika utavipata kwenye maduka ya Kiafrika, karibu kila mji mkubwa yapo. Jumapili karibu maduka yote yanafungwa, nunua Jumamosi, ukisahau jaribu yale ya ndani ya stesheni kubwa za treni.